Dhahabu yenye unene wa atomu moja

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu mkoani Geita, au wa Kahama mkoani Shinyanga, anaijua vizuri sayanaidi: ndiyo inayoyeyusha dhahabu iliyobaki kwenye marudio baada ya zebaki kuchukua sehemu yake. Sayanaidi hiyo hiyo nusura iwe kikwazo kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, waliotangaza Aprili 2024 kwamba wamepata karatasi ya dhahabu yenye unene wa atomu moja tu. Wameiita goldini.

Dhahabu haikubali kirahisi kutandazwa hivyo. Atomu zake huvutana na kujikusanya vidonge vidonge, kama zebaki ndani ya karai. Kwa hiyo waliikuza ndani ya fuwele. Walichukua utando wa kauri yenye matabaka ya titani, silikoni na kaboni, wakaupaka dhahabu na kuupasha moto. Dhahabu ikapenya, ikashika nafasi za silikoni safu kwa safu. Ikabaki kuiondoa kauri. Wakatumia kimiminika ambacho wahunzi wa Japani wamekitumia kwa zaidi ya karne moja. Kikipigwa na mwanga hutoa sayanaidi, nayo ingeila dhahabu yote. Ikabidi kazi ifanyike gizani.

Kwa nini wajisumbue? Katika dhahabu ya kawaida elektroni hutembea huru, ndiyo maana hupitisha umeme vizuri na kuwekwa ndani ya simu zetu. Ikibaki safu moja, kila atomu hukosa majirani wa juu na wa chini. Zilizobaki husogeleana kwa takriban asilimia 9, na elektroni hushikwa kwa nguvu zaidi. Watafiti hao wanasema dhahabu ya namna hii inaweza kuwa nusu-kipitishi, yaani kupitisha umeme kwa masharti, kama silikoni ya kwenye chipu. Pia wanatarajia ichochee mabadiliko ya kikemia, kama kuzalisha hidrojeni, kwa dhahabu kidogo sana, kwa kuwa karibu kila atomu iko wazi kufanya kazi.

Watafiti hao waliikwepa sayanaidi ndani ya maabara; kwetu iko nje, kwenye mabwawa ya kuchenjulia dhahabu, karibu na watu na ng'ombe. Ikiingia mwilini huzuia seli kutumia oksijeni, na inaweza kuua kwa dakika chache. Wenye mitambo ya kuchenjua wazungushie uzio mabwawa yao, na wafugaji wasinyweshe mifugo hapo hata wakati wa kiangazi.