Mshahara wa Ng'ambo, Kodi ya Nyumbani

Zamani, ukitaja mshahara wa ng'ambo katika nyumba za Likoni, Kisauni au Changamwe, fikra zilimwendea binti aliyepanda ndege kwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba. Mwaka 2009 kebo ya intaneti iitwayo TEAMS ilipitishwa chini ya bahari kutoka Fujairah hadi Mombasa, na leo wako dada zetu wanaolipwa na London au Toronto ilhali wamekaa vyumbani mwao. Mmoja hujibu wateja, mwingine hutafsiri, mwingine huweka vitabu vya hesabu, na mtoto amelala pembeni. Ni kheri kubwa, nasi tunaifurahia.

Lakini mshahara huu huja mzima, na hapo ndipo penye mtego. Mwalimu wa shule ya serikali hukatwa PAYE kabla hajaziona fedha zake. Kampuni isiyo na ofisi Kenya mara nyingi haimkatii mtu chochote, na wengi wakafahamu kwamba kodi haipo. Ipo. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, humtoza mkaazi wa Kenya kwa ujira wake, awe ameufanyia kazi ndani ya nchi au nje. Mwenye makao ya kudumu hapa huhesabiwa mkaazi hata akiwapo siku moja tu katika mwaka. Na anayefanya kazi akiwa Mtongwe, basi kazi yake imefanyika Kenya, ijapokuwa mwajiri hajapata kuiona bahari yetu. Fedha kupitia benki, PayPal au M-Pesa hakubadilishi neno.

Wanaolipwa kutoka Marekani hutakiwa kutia saini fomu ya W-8BEN, na baadhi yao hudhani imewatoa katika kodi zote. Fomu hiyo huitaarifu kampuni kwamba mlipwaji si mtu wa Marekani, basi. Haina kauli juu ya Kenya. Kwa nchi kama Uingereza, Ujerumani na Kanada, Kenya imefunga nazo mikataba ya kuzuia mapato kutozwa mara mbili. Aliyekatwa kodi huko na aihifadhi stakabadhi yake, kwani ndiyo ushahidi wake.

Tupige hesabu. Anayepata shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, hutozwa asilimia 10 kwa 24,000 za mwanzo, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, na asilimia 30 kwa zilizosalia. Ukiondoa nafuu ya 2,400, hubaki deni la takriban 22,383 kwa mwezi, kabla ya makato mengine. Kwa mwaka ni kama 268,600. Nyumba iliyokwisha kupanga ada ya shule, kodi ya nyumba na tofali za kiwanja kwa laki nzima kila mwezi, itazitoa wapi?

Usomeni mkataba vyema. Ukikuita mwajiriwa, gharama zako za kazi hazipunguzi kodi. Ukikuita mtoa huduma anayejitegemea, na ndivyo kazi yenyewe ilivyo, waweza kuondoa gharama za kazi hiyo tu, kama intaneti, na sehemu ya thamani ya kompyuta kila mwaka. Basi risiti zisitupwe.

Asiyekatiwa na mwajiri, ambaye kodi yake ya mwaka haipungui 40,000, hulipa kwa mafungu tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kisha hupeleka ritani yake iTax kabla ya 30 Juni ya mwaka unaofuata. Akichelewa kulipa, faini ni asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Wako wanaouliza kama zaka haitoshi. Malaysia humpunguzia mtu kodi kwa zaka aliyoitoa. Sheria ya Kenya haihesabu zaka kuwa malipo ya kodi. Mbili hizi zina hesabu mbalimbali.

Na jambo la nyumbani. Mali ya mke ni yake, twalijua hilo. PIN nayo ni yake, na deni lililoandikwa kwa PIN hiyo litamfuata yeye, hata kama fedha zote zilimalizikia sokoni Kongowea kwa chakula cha watu wanane. Mume anayekula katika mshahara huo na alijue fungu la kodi, asiliite ubahili linapowekwa kando.

Aliyekwisha kupitwa na miaka asijifiche. Ritani za nyuma hupokelewa, na KRA huweza kukubali deni lilipwe kidogo kidogo likiombewa mapema. Huduma Centre iko jengo la Posta, Digo Road. Ende na kitambulisho, mkataba na taarifa za benki za mwaka mzima.