Harufu ya mafuta ya alizeti isikudanganye

Ukiwa Makambako baada ya mavuno ya alizeti, mara nyingi utajua mashine ya kukamua iko wapi kabla hujaiona. Harufu ya mbegu zilizopashwa moto hukufikia barabarani. Iwe ni pale mjini au vijiji vya jirani kama Mahongole, mnunuzi hufungua kifuniko cha dumu, hunusa, ndipo huuliza bei.

Kunusa mafuta ni desturi nzuri. Shida ni maana tunayoipa harufu hiyo. Wapo wagonjwa wa presha wanaosema, "Daktari, mimi natumia yale yanayonukia, ni ya asili, hayana lehemu," kisha humimina kwenye sufuria bila kipimo. Wapo wazazi wanaoamini kwamba harufu kali ni dalili ya vitamini nyingi kwa mtoto. Na wapo wanaoona mafuta yasiyo na harufu kuwa yametiwa kemikali tu. Wiki hii tutazame harufu hiyo inatoka wapi, inatueleza nini, na mambo gani haiwezi kutueleza.

Mbegu, moto na harufu

Tuanze na mafuta ya mzeituni, kwa sababu wagonjwa wengi wa moyo huyaulizia licha ya bei yake. Huko Ugiriki na Hispania, harufu ya mafuta hayo hutegemea sana aina ya mzeituni. Koroneiki ya Ugiriki hunukia kama majani mabichi, Picual ya Hispania hukumbusha jani la nyanya, na Arbequina ni laini yenye harufu ya tunda. Zeituni husagwa bila kuchomwa, na harufu hiyo huundwa tunda linapopondwa. Kwa hiyo asili ya mti hujitokeza wazi.

Alizeti nayo ina harufu yake ya asili. Mojawapo ya viambata vyake huitwa alfapinini, kiambata kinachopatikana pia kwenye utomvu wa misindano, ile miti tuliyozoea kuiona Njombe na Mufindi. Kiasi chake hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Ndiyo maana mafuta ya mbegu ya kienyeji, ya Record na ya chotara kama Hysun 33 yanaweza yasinukie sawasawa hata yakikamuliwa mashine moja.

Lakini kwenye alizeti, moto huzungumza kwa sauti kubwa kuliko mbegu. Mbegu zikipashwa joto kabla ya kukamuliwa, au mashine ikizipasha yenyewe, hutokea harufu kama ya karanga za kukaanga. Kiwanda kinachosafisha mafuta hupitisha mvuke wa moto ili kuondoa harufu hiyo. Kwa hiyo mafuta yanayonukia ni mafuta ghafi, na yasiyonukia yamesafishwa. Hapo pua haijakuambia bado lipi ni bora kwa afya.

Baridi ya Njombe na mafuta yako

Aina ya mbegu ina jambo jingine muhimu kuliko harufu, nalo ni aina ya mafuta iliyomo ndani. Alizeti ya kawaida ina wingi wa asidi ya linoleiki, ambayo mwili unaihitaji na hauwezi kuitengeneza. Zipo pia mbegu maalumu zilizozalishwa ili ziwe na asidi ya oleiki kwa wingi, ile ile inayotawala kwenye mzeituni na parachichi.

Hali ya hewa nayo inaingia. Alizeti ya kawaida ikikomaa kwenye joto, oleiki huongezeka. Ikikomaa kwenye baridi, linoleiki huongezeka. Maana yake, alizeti ya nyanda za baridi kama zetu huelekea kuwa na linoleiki nyingi kuliko ile ya maeneo ya joto. Hilo si baya kwa moyo. Lakini linoleiki huharibika haraka zaidi ikikutana na hewa, mwanga na joto, kwa hiyo mafuta haya yanahitaji kutunzwa vizuri.

Baridi huleta swali jingine. Mwezi Juni na Julai mafuta ghafi huweza kuwa na ukungu chini ya chupa, na mzazi akadhani yamechakachuliwa. Mara nyingi hiyo ni nta inayotoka kwenye ganda la mbegu, na haina madhara. Lakini chupa nzima ikiganda kama samli, uliza maswali, kwa sababu huenda yamechanganywa na mawese.

Harufu ambayo usiipuuze

Kuna harufu moja ambayo pua inaifahamu vizuri na inapaswa kusikilizwa: harufu ya mafuta yaliyochacha. Hunuka kama rangi ya kupakia mbao, au kama karanga zilizokaa gunia moja mwaka mzima. Ladha yake hukwaruza ulimi. Hapo mafuta yameshambuliwa na hewa, yamepoteza sehemu ya vitamini E yake, na yana mabaki ambayo si ya kumlisha mtu, sembuse mtoto.

Chanzo kikubwa ni namna tunavyouza na kuhifadhi. Chupa ya maji iliyotumika, inayopitisha mwanga, ikipangwa juani kutwa nzima kando ya barabara, huyazeesha mafuta kabla hujayafikisha nyumbani. Mtoto akikataa uji au mboga ghafla baada ya kufungua dumu jipya, usikimbilie kumwadhibu. Onja kwanza mafuta yenyewe.

Wapo wanaochemsha mafuta ghafi na kitunguu mpaka yatoe moshi ili "kuua harufu". Kitunguu huifunika tu harufu, na moshi ni dalili kwamba mafuta yanaharibika. Mafuta ghafi huanza kutoa moshi mapema kuliko yaliyosafishwa, hivyo yafaa zaidi kwa kuunga mboga kwa moto wa kiasi kuliko kukaangia maandazi au chipsi. Na mafuta ya kukaangia yasirudiwe tena na tena.

Mambo ambayo pua haiyajui

La kwanza ni lehemu. Mafuta ya mimea, yawe ghafi au yaliyosafishwa, hayana lehemu ya kuhesabika. Neno "halina lehemu" halimaanishi "kula utakavyo". Kijiko kimoja cha chakula kina takribani kilokalori 120, iwe ni alizeti ya Mahongole au mzeituni wa Ugiriki. Kinachosaidia moyo ni kupunguza mafuta yanayoganda, na alizeti ina takribani asilimia 11 tu ya hayo, wakati mawese yana karibu nusu. Kwa hiyo mgonjwa asiyemudu bei ya mzeituni asijione amekosa tiba. Alizeti safi, kwa kipimo, inamfaa. Kwa mwenye presha, chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku na dawa alizoandikiwa zina uzito mkubwa kuliko harufu ya mafuta.

La pili ni vitamini A. Alizeti ina vitamini E kwa wingi, lakini si chanzo cha vitamini A. Kanuni za urutubishaji wa vyakula za mwaka 2011 nchini ziliyajumuisha mafuta ya kula, ili viwanda viyaongezee vitamini hiyo. Mafuta ya mashine ndogo ya mtaani kwa kawaida hayajaongezewa, hata yanukie vipi. Kama ndiyo unayotumia, mtoto apate karoti, viazi lishe vya rangi ya chungwa, matembele, papai au maini, na usikose matone ya vitamini A kwa walio na miezi 6 hadi 59, yanayotolewa mara mbili kwa mwaka. Mafuta kidogo kwenye mboga hizo husaidia mwili kuinyonya vitamini hiyo.

La tatu ni sumukuvu. Mbegu zikivunwa mbichi na kuanikwa chini, huota ukungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima mbegu na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo nchini, uliikuta sumu hiyo katika baadhi ya sampuli. Sumukuvu haina harufu, na harufu nzuri ya mbegu zilizopashwa moto haiiondoi. Ulinzi upo shambani: kausha vizuri kwenye turubai, chambua mbegu zenye ukungu, hifadhi pakavu. Mfugaji naye awe makini na mashudu, kwa sababu sumu hubaki humo zaidi na inaweza kurudi kwako kupitia maziwa ya ng'ombe.

Ufanye nini ukienda kununua

Muulize muuzaji yamekamuliwa lini na mbegu zilikaushwaje. Nusa, kisha onja tone moja. Chagua yaliyokaa kivulini. Nunua ya kutosha wiki chache badala ya dumu la miezi sita. Nyumbani weka kwenye chombo chenye kifuniko, kabatini, mbali na jiko. Usimimine mafuta mapya juu ya mabaki ya zamani, kwa maana ya zamani huyaharibu mapya. Na unapopika, pima kwa kijiko.

Kama unapenda harufu ya alizeti ghafi, endelea kuifurahia, ni sehemu ya chakula cha kwetu. Kama mtoto wako haipendi, mafuta yaliyosafishwa na kuongezwa vitamini A si adhabu kwake. Pua iachiwe kazi inayoiweza: kukuambia mafuta yamekamuliwaje na kama yamechacha. Mengine yaulize kwenye lebo, kwa muuzaji, na kliniki.