Kusinzia Kichwa: Namna ya Kuutambua na Kuutibu Ugonjwa Usiojulikana na Wengi

Tumfikirie mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa. Ni saa nne asubuhi na watoto wanakunywa uji. Mtoto mmoja wa miaka minane, ambaye mwaka uliopita alikuwa miongoni mwa wanaosoma vizuri, ameshika kikombe chake. Ghafla anaduwaa, kichwa kinainama mbele, kinainuka, kinainama tena, na kuendelea hivyo mara kumi au zaidi katika dakika moja. Akiitwa haitiki. Baada ya muda mfupi anazinduka na kuendelea kunywa uji wake.

Yamkini mwalimu atamkaripia kwa kusinzia darasani. Mama yake atadhani hakulala vya kutosha. Jirani atanong'ona kwamba mtoto ametupiwa jambo baya. Mfano huu tumeubuni, lakini watoto wenye dalili hizo wapo, na wamekuwapo katika mkoa huu wa Morogoro kwa muda mrefu. Katika makala haya tutaeleza ugonjwa huo ni upi, unatambuliwaje, unatibiwaje, na kwa nini mtu wa Kilosa au Mikumi anapaswa kuufahamu.

Historia fupi ya ugonjwa

Msafiri atokaye Mabwerebwere kwenda kusini hupita Mikumi, Kidatu na Ifakara, huvuka mto Kilombero, kisha hupanda milima ya Mahenge, wilayani Ulanga. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa kuliko alivyotarajia. Wengi walikuwa wameungua moto, kwa kuwa kifafa kiliwashika wakiwa karibu na mafiga. Baadhi yao walikuwa wametengwa, wakila peke yao na kulala peke yao, kwa sababu watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza.

Daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Alizingatia pia jambo ambalo wazazi walikuwa wakilieleza kwa maneno yao wenyewe. Walisema mtoto "amesinzia kichwa", yaani kichwa chake hudondoka kama cha mtu anayesinzia, ilhali yu macho. Mwaka 1965 alichapisha taarifa ya kitaalamu kuhusu kifafa miongoni mwa Wapogoro. Miaka mingi ilipita kabla ya ulimwengu kuitilia maanani dalili hiyo. Baadaye hali ya namna hiyo hiyo ilionekana katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, na kaskazini mwa Uganda katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Andrea Winkler walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 62 wa Mahenge waliokuwa na dalili hiyo. Mwaka 2012 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala na kukubaliana juu ya vigezo vya kuutambua ugonjwa huu.

Basi ugonjwa huu ulipata nafasi katika vitabu vya tiba kwa sababu wazazi walieleza walichokiona, na daktari akakiandika. Jambo hilo lina maana hata leo, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hawezi kueleza kilichompata alipokuwa ameduwaa.

Dalili za ugonjwa

Ugonjwa huu humwanza mtoto ambaye hapo kwanza alikuwa mzima. Dalili ambazo mzazi au mwalimu anapaswa kuziangalia ni hizi:

(a) Kichwa kuinama mbele mara kwa mara, kwa kawaida mara 5 hadi 20 katika dakika moja, na mtoto kutoitika au kuitika kwa shida wakati huo.

(b) Umri wa kuanza. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka kati ya 3 na 18.

(c) Kichocheo. Kwa baadhi ya watoto kichwa huanza kusinzia waonapo au walapo chakula, au wanapopigwa na baridi.

(d) Kifafa cha kuanguka. Baada ya miezi au miaka, wengi huanza kuanguka, kukakamaa na kutupa mikono na miguu.

(e) Kurudi nyuma kiakili na kimwili. Mtoto husahau aliyoyajua, hushindwa masomo, hudumaa, na wengine huchelewa kubalehe. Baadhi hubadilika tabia.

Usingizi wa kawaida hautokei namna hii. Mtoto aliyechoka huamka akitikiswa, na kusinzia kwake hakufuati hesabu ya mapigo. Anayesinzia mara kwa mara huku akiangalia sahani ya chakula anastahili kupelekwa kwa tabibu, wala si kuadhibiwa.

Uchunguzi

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema kwamba mtoto ana ugonjwa huu. Uchunguzi huanza na maelezo. Tabibu atauliza: Dalili zilianza lini? Huchukua muda gani? Hutokea saa ngapi, na mtoto akifanya nini? Je, aliwahi kuumwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au kuumia kichwa? Je, mama alipata shida wakati wa kujifungua? Katika familia kuna mwingine mwenye kifafa?

Maswali hayo yana sababu. Kifafa kina vyanzo vingi, na baadhi yake vinahitaji matibabu ya namna nyingine. Kwa mfano, mahali ambapo nguruwe hufugwa kwa kuachwa wazurure na watu hawana vyoo, mayai ya minyoo aina ya tegu huweza kumwingia mtu, na viluwiluwi vyake vikafika ubongoni na kuleta kifafa. Kwa hiyo tabibu hawezi kuamua kwa kuona kichwa tu.

Kwa mujibu wa vigezo vya Kampala, ugonjwa huhesabiwa kuwa umethibitika iwapo mhudumu wa afya aliyefunzwa amemwona mtoto akisinzia kichwa, au tukio hilo limerekodiwa kwa picha za video, au kipimo cha umeme wa ubongo kimeonyesha badiliko linaloendana nalo. Kipimo hicho kimewafundisha wanasayansi kwamba kusinzia huku ni aina ya kifafa. Kwa muda mfupi sana ubongo hukosa kuiamuru misuli ya shingo, nayo hulegea, na kichwa kikadondoka.

Mashine za kupima umeme wa ubongo hazipatikani katika zahanati zetu za vijijini. Lakini leo simu yenye kamera imeenea. Mzazi anayemrekodi mtoto wake kwa dakika moja au mbili, akauficha uso wake usionekane na watu wasiohusika, na akamwonyesha tabibu peke yake, huenda akamsaidia kuliko maneno mengi. Asiye na simu na aandike katika daftari tarehe, saa, na muda wa kila tukio.

Uhusiano na usubi

Mahali pote palipoonekana ugonjwa huu kwa wingi pana jambo moja linalofanana, nalo ni kuwapo kwa usubi. Usubi ni inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Usubi jike akimuuma mtu huweza kumwingizia vijiminyoo. Minyoo wakubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi kwa muda wa miaka 10 hadi 15, wakizaa vijiminyoo vichanga maelfu kwa maelfu. Vijiminyoo hivyo husambaa katika ngozi na kuleta muwasho mkali. Vikifika machoni huweza kuleta upofu. Ili kuvitambua, mhudumu huchukua kipande kidogo sana cha ngozi na kukiangalia kwa hadubini.

Je, minyoo hao huletaje kifafa? Hapa utafiti bado unaendelea. Watafiti wa Mahenge hawakukuta dalili za mnyoo huyo katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliopimwa. Mwaka 2017 wanasayansi wengine walieleza kwamba kingamwili ambazo mwili hutengeneza ili kupigana na mnyoo huenda zikashambulia pia protini iliyomo ubongoni. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa ubongo wa watoto waliofariki Uganda ulionyesha mrundikano wa protini iitwayo tau, ambayo huonekana pia katika maradhi mengine ya kuharibika kwa ubongo. Ingawa njia yenyewe haijakubaliwa na wote, uhusiano kati ya wingi wa usubi na wingi wa kifafa umeonekana mara nyingi. Huko Mahenge, uchunguzi uliofanywa mwaka 2017 ulikuta kifafa kingi zaidi katika vijiji vya mashambani vyenye usubi mwingi kuliko katika vile vilivyo karibu na mji.

Hapa ndipo habari hii inapomhusu mkazi wa Kilosa. Wilaya hii, yenye mito iteremkayo kutoka milima ya Rubeho na Ukaguru, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyotambuliwa kuwa na ugonjwa wa usubi. Kusinzia kichwa kumeelezwa hasa Mahenge, na mzazi wa Mabwerebwere hana haja ya kuingiwa na hofu. Hata hivyo, akiishi katika wilaya yenye usubi, ni vyema aijue dalili hii na asiipuuze akiiona.

Matibabu

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa kabisa, lakini mishtuko yake huweza kupunguzwa sana. Dawa zitumikazo ni zile za kifafa: fenobabitoni, ambayo ni ya bei nafuu na imetumika nchini kwa miaka mingi, kabamazepini, na valproeti. Hii ya mwisho haifai kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba, kwa kuwa huweza kumdhuru mtoto tumboni. Kuchagua dawa na kipimo chake ni kazi ya tabibu.

Huko Uganda, baada ya vituo vya matibabu kufunguliwa mwaka 2012, watoto wengi walipungukiwa na mishtuko, na baadhi yao walirudi shuleni.

Jambo ambalo mzazi hana budi kulishika ni kwamba dawa hizi humezwa kila siku, kwa miaka. Mara nyingi mtoto akipata nafuu kwa miezi miwili, wazazi hudhani amepona, na hasa msimu wa mvua njia zinapoharibika huacha kwenda kuchukua dawa. Kuacha ghafla ni hatari. Kifafa huweza kurudi kwa nguvu na kumshika mgonjwa mfululizo bila kuzinduka, na hali hiyo huweza kumuua. Heri kwenda zahanati dawa zikiwa zimebaki za wiki moja kuliko kungoja ziishe.

Mgonjwa akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vyenye ncha, na ulegeze nguo za shingoni. Usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, na usimfunge kamba. Povu na mate yake hayaambukizi kifafa, basi usiogope kumgusa. Mshtuko ukizidi dakika tano, mpelekeni hospitali mara moja. Aidha, asiachwe peke yake karibu na moto, kisimani au mtoni.

Kinga

Dawa ya kukinga ugonjwa wa usubi ni ivamektini, ambayo tangu mwaka 1987 hutolewa na watengenezaji wake bila malipo. Wagawa dawa wa kijiji humpima mtu urefu kwa kijiti ili kujua idadi ya vidonge. Hawapewi watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wala wagonjwa mahututi. Kwa kuwa dawa hii huua vijiminyoo vichanga lakini haiwaui minyoo wakubwa, ni lazima imezwe tena na tena kwa miaka mingi. Mtu anayekataa mwaka huu kwa sababu alimeza mwaka jana huwapa minyoo nafasi ya kuzaa upya.

Huko Mahenge ugawaji ulianza miaka ya 1990, na tangu mwaka 2019 dawa imetolewa mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja. Kaskazini mwa Uganda, ambako ugawaji wa mara mbili kwa mwaka uliambatana na kuua viluwiluwi vya usubi mitoni, wagonjwa wapya wa kusinzia kichwa walikaribia kutoweka. Huo ni ushahidi wa kutia moyo kwamba ugonjwa usioponyeka huweza kuzuiwa.

Hitimisho

Magonjwa ya kudumu yasiyo ya kawaida huwatesa watu mara mbili: kwanza kwa maumivu yake, na pili kwa dhana za wale wasioyajua. Mtoto anayesinzia kichwa akichapwa kwa uvivu, au akifichwa nyumbani kwa aibu, hupoteza miaka ambayo dawa ingemsaidia. Kwa hiyo mwalimu aionapo dalili hii na amwite mzazi, mzazi na ampeleke mtoto zahanati, na mhudumu wa zahanati asikilize maelezo yao yote kabla ya kuandika cheti. Akiwa na mashaka, na ampeleke mgonjwa hospitali ya wilaya. Na siku mgawa dawa atakapopita na kijiti chake, kila anayestahili na ajitokeze kupimwa na kumeza vidonge vyake.