Mashine ya Sumaku na Chuma Kilichofichika

Katika hospitali kubwa za siku hizi iko mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, nayo huitwa MRI. Haitumii eksirei. Hutumia sumaku kubwa pamoja na mawimbi ya redio, na kwa njia hiyo madaktari huweza kuuona ubongo, uti wa mgongo na viungo bila kumpasua mtu. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda chembamba, kisha huingizwa katika tundu lililo katikati ya mashine.

Lakini kwanza huulizwa maswali. Je, una chuma chochote mwilini? Umepata kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga chuma? Umepata kupigwa risasi? Wako wanaoyaona maswali hayo kuwa ya kupoteza wakati tu. Sivyo, na sababu yake ni hii.

Nguvu ya sumaku hupimwa kwa kipimo kiitwacho tesla, na mashine nyingi za MRI zina tesla 1.5 au 3. Dunia yetu nayo ni sumaku, ndiyo iigeuzayo sindano ya dira. Lakini mashine ya tesla 1.5 huipita dunia kwa nguvu kiasi cha mara 30,000. Tena haizimwi kama taa. Katika mashine nyingi waya wa sumaku hupozwa kwa heliamu ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo umeme huzunguka bila kukoma. Mgonjwa awepo asiwepo, sumaku ipo kazini usiku na mchana.

Mwaka 2001, katika hospitali moja ya Valhalla, jimbo la New York, Marekani, mtungi wa oksijeni wa chuma uliingizwa katika chumba cha mashine hiyo. Ukavutwa, ukaruka, ukampiga mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelala ndani, naye akafa. Mwaka 2018 huko Mumbai, India, mtu aliyeingia na mtungi wa namna hiyo alivutwa pamoja nao, akafa. Mwaka 2025, katika jimbo lile lile la New York, alikufa mtu aliyeingia na mnyororo mzito wa mazoezi shingoni.

Basi, mtungi na mnyororo huonekana kwa macho. Je, kile kisichoonekana? Mwaka 1986 madaktari waliandika habari za fundi wa mabati aliyekuwa na kipande cha chuma cha milimita chache ndani ya jicho. Sumaku ikakisogeza, jicho likavuja damu ndani, akapofuka jicho hilo. Ndiyo maana mtu aliyepata kurukiwa na chuma jichoni huenda akapigwa eksirei ya macho kwanza. Vivyo hivyo huulizwa habari za mashine ndogo ya kuendesha mapigo ya moyo, na za vibanio vilivyofungwa katika mishipa ya ubongo.

Dhahabu na shaba hazivutwi na sumaku, lakini mawimbi ya redio huweza kuzitia joto hata zikaunguza ngozi. Kwa hiyo bangili, mikufu, saa, funguo na pini za nywele huachwa nje, na mgonjwa huvaa nguo za hospitali. Hospitali nyingine zina chombo mlangoni kinachotoa ishara kikikutana na chuma kivutwacho na sumaku. Hata hivyo, chombo hicho hakiondoi haja ya jibu la kweli.

Hapo ndipo haya huleta hatari. Huyu huficha hirizi ya kiunoni yenye kikopo cha chuma. Yule huona aibu kutaja kitanzi cha uzazi. Huenda kitu chenyewe hakina madhara, lakini wa kuamua ni daktari, si mgonjwa.

Ninyi wanafunzi, na ninyi mliokwisha kutoka shuleni, ndio mtakaowapeleka wazee hospitali na kuwasomea maswali hayo. Msiyasome mbio mbio. Mwulizeni babu kama alipata kufanya kazi katika karakana, au kama alijeruhiwa vitani. Nanyi mkiingia naye chumbani, mtaulizwa vile vile, maana sumaku haijui mgonjwa wala msindikizaji. Wazee walisema: mficha uchi hazai.