Je, Wajua? Moshi wa Jikoni Hauishii Machoni

Mama lishe awashaye jiko alfajiri kibandani, kisha jioni akapika tena kwa kuni nyumbani, huvuta moshi kutwa nzima. Macho yakimwasha huyafuta kwa pindo la kanga, akaendelea kukoroga. Madhara makubwa yako ndani zaidi.

Moshi huo una chembe ndogo mno, zisizofikia hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi hauleti kikohozi tu, bali pia kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Kwa mtoto aliyebebwa mgongoni mama akipuliza moto, hatari kubwa ni nimonia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5.

Mkaa hutoa moshi kidogo kuliko kuni, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ukiwaka chumbani madirisha yamefungwa, hujaza kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huweza asiamke kabisa. Hata baridi ya Julai ikibana, jiko la mkaa lilale nje.