Kabla hujauza ng'ombe, jua 'bail' si 'bond'

Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mahakama moja jijini Nairobi, akihesabu kwa vidole. Hakimu alikuwa ameamua kuhusu mwanawe: 'bond' ya Sh200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au 'bail' ya pesa taslimu Sh80,000. Alichosikia mama ni laki mbili. Tayari alikuwa amempigia shemejiye simu auze ng'ombe wawili, na bado hesabu haikufika.

Nilimwuliza kama kuna jamaa aliye na hatimiliki ya shamba.

"Kaka yangu anayo," akajibu. "Lakini si ni pesa wanataka?"

Msomaji mpenzi, usimcheke. Kwa Kiswahili yote mawili huitwa dhamana, na hata sisi waandishi huandika "ameachiliwa kwa dhamana" tukaishia hapo. Kumbe tofauti hiyo ndiyo huamua nani atalala rumande.

'Bail', jinsi inavyotumika katika korti zetu, ni pesa unazoweka. Unalipa, unapewa risiti, mshtakiwa anatoka. Si faini hiyo. Kesi ikiisha hurudishwa, awe amepatikana na hatia au la, mradi alifika kila siku aliyotakiwa. Kwa hivyo itunze risiti kama cheti cha kuzaliwa. Na pesa za 'bail' zinazopokelewa kituoni bila risiti, jina lake walijua.

'Bond' nayo ni ahadi. Kiasi kilichotajwa hakitoki mfukoni siku hiyo. Mshtakiwa hutia sahihi kwamba atafika, naye mdhamini huweka kitu chenye thamani hiyo, kama hatimiliki au logibuku ya gari. Korti huchunguza stakabadhi hizo na kukaa nazo hadi kesi iishe. Pengine hata mdhamini hatakiwi, mshtakiwa akaachiliwa kwa ahadi yake mwenyewe.

Hapo mjomba anafaa kufikiri mara mbili. Kijana akitoroka, korti itamgeukia yeye, na shamba laweza kwenda. Hata hivyo, mdhamini aliyeingiwa na shaka anaruhusiwa kurudi kortini kuomba kujiondoa. Kijana atakamatwa tena hadi apate mwingine.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa 'bond' au 'bail' yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumnyima. Kinataka pia afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti haiketi, husogezwa hadi siku ya korti inayofuata. Mwanao akikamatwa Ijumaa jioni, huenda asimwone hakimu hadi Jumatatu. Usingoje. Nenda kituoni jioni iyo hiyo ukamwone mkuu wa kituo, kwani kwa makosa mengi polisi nao wanaweza kumwachilia kwa 'bond' au 'bail'.

Yule mama alimpigia kakaye. Alifika kesho yake kwa basi la asubuhi, hatimiliki ikiwa imefungwa kwa gazeti. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshauzwa.