Tezi Dume, Bakteria Sugu na Dawa ya Kumeza

Mwanaume wa Nakapanya, mkoani Ruvuma, akiambukizwa bakteria kwenye tezi dume, kikwazo cha kwanza ni tezi yenyewe: dawa nyingi zinazotibu UTI ya kawaida haziipenyi vya kutosha. Siprofloksasini na kotrimoksazoli huipenya, ndiyo maana zimetegemewa miaka mingi, lakini bakteria wengi wamekwisha kuwa sugu kwazo. Utafiti wa HATUA uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania ulikuta takriban nusu ya wagonjwa ambao UTI yao ilithibitishwa maabara wana bakteria sugu kwa makundi kadhaa ya dawa. Vidonge vikishindwa, hubaki sindano za kila siku kwa majuma. Mkulima wa korosho msimu wa mavuno hawezi kuhamia Tunduru wala Songea kuchomwa sindano kwa muda huo. Ataacha dozi njiani, na bakteria watakaobaki ni wale wagumu zaidi.

Kwa hiyo naona fosfomaisini, iliyogunduliwa Uhispania mwaka 1969, inastahili kujaribiwa kwa wagonjwa wetu. Ni unga wa gramu 3 unaokorogwa kwenye maji na kunywewa. Wanaume waliopewa dozi hiyo kabla ya upasuaji wa tezi dume walikutwa nayo ndani ya nyama ya tezi. Huko Ugiriki, wanaume 44 wenye maambukizi ya tezi dume ya muda mrefu waliitumia kwa majuma kadhaa, na zaidi ya robo tatu walipona. Mtu atasema 44 ni wachache, tena hawakulinganishwa na waliopewa dawa nyingine. Ni kweli kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya kudai jaribio kamili lenye kundi la kulinganisha.

Pingamizi zito zaidi ni hili: dawa rahisi kumeza itauzwa ovyo. Ruvuma ndiko Maduka ya Dawa Muhimu yalikoanzia mwaka 2003, nayo yamesogeza tiba karibu na vijiji. Ila muuzaji hana maabara. Basi jaribio lipime pia njia ya kufikisha mkojo wa mgonjwa maabara ili bakteria waoteshwe na kutambuliwa kabla ya dawa kutolewa. Bakteria aina ya Klebsiela, kwa mfano, wengi wana jeni ya kuivunja fosfomaisini, na mgonjwa wao akipewa unga huo kwa kubahatisha atamaliza majuma bila nafuu.